Sabuni ya Ubatizo Mfukoni Mwangu

Jamani, hili nalisema leo kwa kuwa wengi walioliona wameshahama Musoma, maana siku ile nilitamani kuingia chini ya dawati nikae humo mpaka Krismasi.

Ilikuwa miaka ile ya maduka matupu, tunafua kwa majani ya mpapai. Mimi mwalimu wa shule ya msingi pale Nyasho, na misheni walitafuta mtu wa kuwafundisha Kiswahili mapadri na masista wageni, kazi niliyoitaka kwa kufa na kupona, wakaniita nikafundishe somo moja la majaribio. Nikachagua neno sabuni, kwa sababu (padri mmoja mzee aliwahi kunieleza) lilitoka kwenye Kilatini, likapita kwa Waarabu ndipo likatufikia sisi, na wageni wale kila mmoja analo kwao. Ningeweza kuchora ubaoni tu, lakini wapi! Nikaazima kipande cha mche wa sabuni kwa jirani yangu Mama Nyangeta, alichokitunza afulie nguo za ubatizo wa mjukuu wake Jumapili.

"Mwalimu, ndiyo yote niliyonayo," alinionya. "Na wewe unasahauga."

Njiani nikakitoa kwenye nailoni, nikakitia mfuko wa shati ili ninukie (enzi zile kunukia sabuni kilikuwa cheo). Kabla baiskeli yangu haijafika misheni, mvua ya ziwani ikanikuta, nikaingia darasani nimelowa chapachapa, nikaanza kwa mbwembwe: Waitaliano husema sapone, Wafaransa savon, Wareno sabão, hao wawili hulimalizia puani, na Wahispania hulianzia kooni kabisa, jabón! Naona wamenikodolea kifua, nikadhani elimu imewaingia, nikazidi kujipiga kifua kwa kila neno, kumbe nakoroga povu, limeshateremka mpaka kwenye suruali.

"Mwalimu," sista mmoja akauliza kwa upole, "unafua?"

Walicheka mpaka padri akafuta machozi. Mimi nilitia mkono mfukoni nikakuta utelezi mtupu, nikawaza ubatizo, nikataka kulia.

Nilipomrudia nyumbani kwake, Mama Nyangeta hakunigombeza. Alivuta karai. "Vua shati upesi, kabla halijakauka!" Akalikamua, povu likajaa, akazamisha vinguo vyeupe humohumo, nami kifua wazi mbele ya majirani nikamtekea maji huku nikimshukuru mpaka akaniambia ninyamaze.

Kazi nilipata, na kitu cha kuazima sikifungui tena njiani. Lakini ninachokikumbuka kwa shukrani ni Jumapili ile, mtoto amevaa nyeupe tupu, na Mama Nyangeta kunipa mimi nimpakate wa kwanza.