Salamu ya Kifundo

Hapa Kigali, mikono ikiwa michafu au imelowa, humnyimi mtu salamu. Unamnyoshea kifundo cha mkono, anakishika, yameisha. Mke wangu alianza kuwapa watu kifundo hali mikono yake ni safi kabisa.

Tulikuwa na chumba cha ushonaji Kagarama, mimi kwenye cherehani, yeye akitia vifungo na kutarizi kola. Asubuhi za mvua vidole vyake viligeuka vyeupe kama mshumaa, kisha vikawa bluu, na sindano ikawa inamponyoka. Mimi nina hasira za karibu, najijua. Nikasema ni uvivu.

Siku moja akaingia mteja, na mke wangu akamnyoshea kifundo. Nikapandwa na hasira. "Mpe mama wa watu mkono! Atadhani tuna nini hapa?"

Akampa. Yule mama akashtuka: "Yesu wangu! Mkono gani huu, wa maiti?"

Nami nikacheka. Jamani, nilicheka kwa sauti. Mke wangu akainama kuokota vifungo ambavyo havikuwa vimeanguka.

Tangu hapo hakulalamika tena. Kidole cha shahada kilipotoka kidonda, alikifunga kwa kitambaa mpaka ncha yake ikawa nyeusi, ndipo tukaenda hospitali. Daktari alitueleza kwamba mishipa yake ya fahamu inaiamrisha mishipa ya damu ijibane kupita kiasi. Wangepitisha vifaa kwenye matundu madogo chini ya kwapa, wakate ile ya fahamu kifuani ili damu ifike vidoleni. Ugonjwa wenyewe hauishi, alisema, lakini huenda vidole vikaokoka. Tungekuja mapema, pengine dawa na glavu zingetosha.

"Mbona mmechelewa hivi?"

"Ni mimi, daktari," mke wangu akasema. "Nilipuuza."

Nilimwacha aseme hivyo.

Siku ya pili baada ya upasuaji, muuguzi alimshika kiganja akafurahi: "Eeh, mama, una moto kweli!" Mke wangu akacheka naye. Muuguzi alipotoka nikasogea kitandani, nikanyosha mkono wangu.

Alinitazama. Akakunja ngumi taratibu, akaninyoshea kifundo.

"Si mkono umepona?" nikauliza.

"Umepona," akasema, lakini ngumi hakuikunjua.

Nikakishika kifundo, kwa mikono miwili.