Safu Iliyokatika Kwenye Paji la Kukhu

Kabla sijauona mlango niliusikia mlio. Ulitukuta kwenye ngazi, kati ya saluni za orofa ya pili na giza dogo la orofa ya tatu: mlio mwembamba wenye hasira, kama nyigu aliyefungiwa ndani ya mkebe. Ukanyamaza. Ukaanza tena. Kukhu akasimama, kiganja ukutani, akausikiliza kama anavyoisikiliza mvua akiwa kitandani, kujua kama ni mvua ya kweli au ya kupita.

"Hiyo ndiyo sindano yao?"

"Ndiyo hiyo, Kukhu."

"Inaongea sana. Ile yetu ilikuwa inafanya kazi imenyamaza."

Kukhu ni nyanya yangu, mama yake mama. Ndivyo tunavyowaita nyanya huko magharibi tulikotoka, kabla mama hajapata kazi Eldoret na kutuhamishia mtaa wa Munyaka. Yeye huniita bwana yake, kwa utani wa nyanya na mjukuu, na siku hiyo bwana yake alikuwa anampeleka kwa fundi wa tatuu.

Vijana wawili wakateremka kutoka juu. Niliwajua. Huja kwenye kikao chetu cha kusomeana hadithi, wanakaa mbele, wanatikisa vichwa. Kabla hawajatufikia, mkono wangu ulikuwa umeshapanda kwenye kitambaa cha Kukhu na kukivuta chini mpaka kwenye nyusi. Sikuuamuru. Ulikwenda wenyewe, kama mkono unaofukuza nzi.

"Mwandishi! Kwani hata wewe unachorwa?"

"Namsindikiza nyanya tu."

"Nyanya ndiye anachorwa? Aki nyanya ni moto!"

Wakacheka, wakamsalimu kwa heshima, wakashuka. Nami nikabaki na jambo moja ambalo mpaka leo likinijia usiku huwa nageukia ukuta: nilipokivuta kile kitambaa, Kukhu aliinamisha kichwa kidogo ili nisipate taabu.

Alikuwa amezoea. Sote tulimzoesha. Kwenye paji lake kuna safu ya nukta za rangi ya samawati iliyokolea, ndogo kama punje za wimbi, zinazoanzia karibu na sikio la kushoto na kuja pamoja, zimenyooka, mpaka juu ya pua. Hapo zinakatika. Upande wa kulia hauna kitu. Mama ni mshirika wa kanisa mwenye kiti chake cha mbele, na tangu tukiwa wadogo, mgeni akibisha, mama hakusema "leteni chai" kabla hajasema "mama, kitambaa." Mimi sikuwa nasema. Nilikuwa naandika.

Niliandika hadithi kuhusu paji hilo. Ndiyo iliyonipa jina nililo nalo kwenye vikao vyetu, kama ni jina. Katika hadithi hiyo msichana amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, mama fundi anamchora, na katikati ya kazi kengele ya misheni inalia bondeni. Padri anatokea, na safu inakatika pale pale, isikamilike tena. Mstari wa mwisho ulisema kuwa safu iliishia mahali msalaba ulipoanzia. Nilipousoma, watu walinyamaza kwanza, kisha wakapiga makofi. Kukhu sikumwuliza kitu. Niliona paji limekatika, nikaona kitambaa, nikajua. Sisi waandishi vijana hujua haraka sana.

Kwa hivyo aliponiambia, akiwa anachambua maharagwe, "Bwana yangu, nipeleke kwa yule msichana wa mjini anayechora alama, kabla sijaenda Plateau," nilijua tena. Plateau, kwenye hospitali ya misheni, alikuwa amelazwa rika lake, mwanamke wa mwisho aliyebaki kati ya wale waliochorwa naye siku moja. Madaktari walikuwa wamewaambia watoto wake wasihangaike tena kumrudisha nyumbani. Nikajiambia: Kukhu anataka kufutwa, aende kuaga akiwa safi, kama mama anavyotaka. Ningepaswa kuhuzunika. Mtu aliyeandika mstari ule angepaswa kulia. Badala yake nilihisi mabega yangu yameshuka kwa raha, kwamba sasa nitatembea naye mjini bila kuangaliwa.

Nikapiga simu kwa fundi. Nikasema, "Ni kufuta."

Fundi mwenyewe alikuwa mwanamke wa kama umri wangu, mtu wa kutoka upande wa ziwa, mrefu, ana aproni nyeusi na miwani iliyopandishwa kwenye nywele. Sifa zake zilimtangulia kila mahali Eldoret. Kabla yake, wachoraji wa mjini walikuwa wananakili picha zilizotengenezewa ngozi nyeupe, mistari imebanana, na baada ya mwaka ua linakuwa doa. Yeye alinunua ngozi ya nguruwe kwa mchinjaji, akajifunzia hapo mpaka nyumba ikanuka, akagundua kwamba ngozi yetu inataka nafasi: mstari mmoja, pumzi, mstari mwingine. Siku hizi wote wanachora hivyo, hata wanaomsengenya. Lakini jina alilipatia kwenye makovu. Mwanamke mmoja kutoka mji wa Turbo aliyemwagikiwa na mafuta moto alikuja kwake amevaa mikono mirefu, akatoka na jani la mahindi limelala juu ya kovu, mishipa ya jani ikifuata mikunjo ya kovu lenyewe, na akapanda gari kurudi nyumbani amekunja mikono ya nguo mpaka kwenye kiwiko.

Alimkalisha Kukhu kwenye kiti cha ngozi karibu na dirisha. Mteja mwingine alikuwa ameshamaliza na kuondoka. Mashine ilikuwa mezani, kimya.

"Mama, naomba nione."

Kukhu akafungua kitambaa mwenyewe. Nadhani sikuwa nimewahi kuliona lile paji kwenye mwanga wa mchana kwa muda mrefu hivyo. Yule msichana fundi aliteremsha miwani, akasogea, akasogea tena. Hakugusa.

"Nani alifanya hii?"

"Alishakufa," Kukhu akasema.

"Angalia hizi nafasi. Angalia!" Alikuwa ananiambia mimi, lakini hakuniangalia. "Zote sawa. Na haijavimba, imelala. Hii ni mkono wa mtu, si wa kijiji."

Kukhu akatabasamu kwa namna ambayo sikuijua, tabasamu la mtu aliyesifiwa nguo. Akaeleza. Zamani, akasema, akina mama walichora kwa kukata na kuacha kovu livimbe, likae kama kamba. Yule mama aliyemchora yeye alikataa. Yeye aliinua ngozi kwa ncha ya mwiba, akakata kidogo kama anatoa funza, akapaka masizi ya kioo cha taa badala ya majivu ya majani, ndiyo maana rangi ilibaki samawati na haikugeuka kijivu. Wakamcheka kwanza, kwamba anachora alama za mchwa. Kisha wakaanza kuwaleta binti zao kutoka vilima vya mbali. Ungeweza kukutana na mwanamke sokoni, hujui ukoo wake wala lugha yake, ukamwangalia paji ukasema, wewe ulipita kwenye mkono ule.

"Na sasa," msichana akasema polepole, "kijana aliniambia unataka nifute."

Kukhu akanigeukia. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

"Kufuta nini?"

"Kukhu, mimi nilifikiri..."

"Wewe unafikiri sana, bwana yangu." Akamrudia msichana. "Mimi nataka umalize."

Mle ndani kulikuwa na feni ndogo inayozunguka. Niliisikia ikizunguka.

Ndipo akaeleza kilichotokea, kwa sauti ile ile aliyoelezea masizi. Zamani msichana anapochorwa, mtu wa damu yake hakai karibu. Mama yake, shangazi yake, ndugu zake, wote hupelekwa ng'ambo ya mto, kwa sababu jicho la mtu anayekupenda hulegeza moyo. Na msichana akilia, fundi huacha hapo hapo. Haadhibu, hasemi neno. Anafuta mwiba wake, anasimama, anakwenda kwa anayefuata. Mwenye kulia anabaki na alichovumilia, na watu watasoma paji lake maisha yote.

"Mimi nilikuwa navumilia vizuri," Kukhu akasema. "Nilikuwa nimefika hapa." Akaweka kidole juu ya pua. "Kisha nikageuza macho, nikaona mama amesimama nyuma ya ua. Alivuka mto kurudi. Alishindwa kukaa huko. Alikuwa ameshika kibuyu cha maji, anatetemeka mpaka maji yanamwagika. Si mwiba ulioniliza. Nilimwona yeye."

Hapakuwa na kengele. Hapakuwa na padri. Kanisa, akasema, lilikuja baadaye sana, na alifurahi lilipokuja, kwa sababu wanawake wa kanisa walifunga vitambaa, na yeye kwa mara ya kwanza akapata sababu ya heshima ya kulifunika paji lake. Mama yangu alipomwambia "kitambaa", Kukhu alidhani anafichiwa aibu aliyoijua yeye, ya kulia. Kumbe kila mmoja alikuwa anaficha aibu yake chini ya kitambaa kimoja. Na mimi nilikuwa nimesimama mbele ya watu na kuwapa aibu ya tatu, niliyoitengeneza mwenyewe, na wakaipigia makofi.

"Rika langu ana safu nzima," Kukhu akaendelea, sasa kwa ucheshi. "Sikio kwa sikio. Tangu siku ile ananiita Nusu. Hata jana kwa simu. 'Nusu, bado uko hai?' Nikamwambia, 'Mimi niko hapa nachambua maharagwe, na wewe uliye mzima mbona unalala kwa hospitali?' Akacheka mpaka nesi akamnyang'anya simu." Akarudisha kidole juu ya pua. "Sitaki afe akiniita Nusu. Nataka aangalie, akose la kusema."

Msichana alivuta kiti akakaa mbele yake, magoti karibu na magoti. Akapitisha kidole kilichovaa glavu upande wa kulia, upande mtupu, akaivuta ngozi taratibu, akaiachia. Ilichukua muda kurudi mahali pake.

"Mama, sikudanganyi. Ngozi yako sasa ni nyembamba. Nikizama kidogo tu wino utatawanyika, nitakuharibia kazi ya yule mama. Nitakwenda juu juu, nukta moja moja, bila ile spidi. Na hapa kwa mfupa kunauma kuliko popote. Hata wanaume wenye vifua hapa wanalia."

"Wakilia unafanya nini?"

"Nawapa tishu, tunaendelea."

Kukhu alimtazama kama mtu aliyeambiwa kwamba siku hizi watu huoa dada zao.

"Basi dunia imeharibika," akasema, na wote wawili wakaangua kicheko. Kisha Kukhu akaacha kucheka. "Mimi usinipe. Nikilia, uache. Hapo hapo, hata kama imebaki moja. Usinihurumie. Ukinihurumia itakuwa ni picha tu."

Msichana aliitazama mashine yake. Niliona hakupenda. Fundi yeyote anapenda kumaliza. Mwishowe akaitikia kwa kichwa, akafungua pakiti ya sindano mpya, akamwonyesha ncha, akasema atazipanga nafasi kwa kufuata zile za kushoto, asiongeze lake.

"Ongeza uangalifu," Kukhu akasema. "Huo ndio wako."

Nilivuta kiti changu karibu. Nilitaka kumshika mkono. Nitasema kweli yote: nilitaka kumshika mkono, na pia nilitaka kuona. Maneno yalikuwa yameanza kujipanga kichwani, ncha, nukta, dirisha, hadithi mpya ambayo safari hii ingekuwa ya kweli, na watu wakiwa kimya kabla ya makofi. Kukhu alikuwa ananiangalia. Sijui uso wangu ulikuwa na nini.

"Na wewe toka," akasema.

"Kukhu, wacha nikae. Nitafumba macho."

"Macho yako hata yakifumbwa yanaandika." Alilisema kwa upole, kama anamwambia mtoto kwamba kamasi inamtoka. "Wewe ni damu yangu. Ukikaa hapo nitakuangalia, na nikikuangalia nitalia. Mama alinipenda, akanikatia safu. Nenda ng'ambo ya mto, bwana yangu."

"Nikae wapi?"

"Kwa ngazi. Wakipita marafiki zako, waambie nyanya ndiye anachorwa."

Msichana aliinamia mashine akajifanya anafunga kitu kilichokuwa kimeshafungwa. Masikio yangu yalikuwa ya moto. Nilisimama, nikatafuta la kusema, na kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu sikulipata, na nikashukuru sikulipata.

Kukhu alikivua kitambaa chote kichwani. Nywele zake ni nyeupe na chache. Zilikuwa zimelala kwa jasho. Alikikunja mara mbili na kuniwekea mkononi, kama mtu anayempa mwenzake mzigo amshikie. Kisha akaegemeza kichwa nyuma, akayaelekeza macho kwenye dari mahali pasipokuwa na mtu, na mikono akailaza mapajani, viganja juu.

Nilikwenda mlangoni. Nilitaka kugeuka. Nilikumbuka mwanamke mwenye kibuyu, maji yakimwagika, nikaangalia mbele. Nilipita kizingiti na kitambaa mkononi, na msichana akaufunga mlango nyuma yangu.