Kitanda Kisichopita Mlangoni Kwangu

Kiharusi kilimkuta mume wangu akiwa zamu kwangu, na kwangu ndiko alikolala miezi ya mwanzo, juu ya kitanda cha kamba kilicholegea mpaka karibu na sakafu. Kumgeuza ilikuwa kazi ya kupiga magoti na kuinama. Kiuno changu hakijanisamehe hadi leo. Sikulalamika. Mgonjwa alikuwa wangu.

Ndipo ndugu zake wakatuletea Pangani kitanda cha hospitali kutoka Tanga mjini. Wakakilaza ubavu, wakakisimamisha, wapi! Mlango wangu ulikikataa. Wakakipeleka mtaa wa pili kwa mke mwenzangu, kwenye nyumba mpya yenye milango mipana, na mume akafuata kitanda. Zamu zetu zikafia pale pale.

Nikawa nakwenda kumtazama mume wangu kama jirani.

"Shikamoo dada," mwenzangu hunipokea, kisha huzungusha ule mkono wa chuma miguuni mwa kitanda, na mgonjwa huyo juu, usawa wa kiuno chake. Anamwogesha amesimama wima, anambadilishia shuka bila kuguna. Roho iliniuma, sifichi. Iliniuma zaidi kuona mgongo wa mume wangu, ulioanza kuchubuka kwangu, sasa umepona kwa kugeuzwa mara kwa mara. Hata kile chuma nilikionea wivu.

"Kuuguza gani huku, mdogo wangu, hata jasho hutoki?" nikamwambia.

Akacheka tu.

Alasiri moja akaniita. Alikuwa amekishusha kitanda mpaka chini kabisa. Mume wetu kaketi ukingoni, nyayo zote mbili zimekanyaga sakafu.

"Tunajaribu hivi kila siku, dada," akasema akicheka. "Leo kasimama."

Nilimshukuru Mungu, na papo hapo kijiba cha roho kikanikaba. Kumbe hata akisimama, ataonekana kasimamishwa na mwenzangu.

Mume akashika chuma cha ubavuni, akainuka tena, magoti yakimtetemeka. Akanitazama mimi. Ulimi wake ulikuwa bado mzito, akayatoa maneno moja moja.

"Mlango wako," akasema, "kitanda hakipiti. Mimi napita."

Nikamgeukia mwenzangu. Hakuwa akicheka tena. Uso ule niliujua. Mimi nilikuwa nao tangu siku kitanda kilipoingia kwake.