Maji Yako Palepale

Nilipokuwa mtoto wa darasa la pili, kwetu Tongaren, nilipewa kazi ya kulinda maji. Kukhu, yaani bibi yangu mzaa baba, alikuwa anaenda Kitale kwa shangazi atibiwe miguu. Kabla aondoke alinishika mkono mpaka kwenye chemchemi yetu, akasimamisha majini kijiti chenye alama ya kisu pale maji yalipofika.

"Kila Jumapili nikipiga simu uniambie maji yamefika wapi. Na usinidanganye, mama. Mwanamke akidanganya juu ya chemchemi, siku akizaa maziwa yanamkauka."

Nilicheka, maziwa gani, nilikuwa na miaka minane. Leo nina mtoto wa wiki tatu na sicheki.

Kukhu hakumaliza hata mwezi huko, Baba akaleta miche ya mikaratusi akaipanda kando ya chemchemi, miti ambayo Kukhu alikuwa amekataza karibu na maji. Lakini Baba alikuwa ametoka semina na daftari, amepiga hesabu: mahindi yanataka maji kiasi hiki, udongo wetu unashika kiasi hiki, mche unatosheka na mkebe mmoja kwa wiki.

"Mkebe mmoja!" Baba alisema. "Hiyo si hata kuku anamaliza?"

Sasa naona alikosea wapi, alipima kiu ya mche unaofika goti akasahau utakuwa mti, lakini nani angemwambia, aliyesoma ni yeye.

Kukhu alikaa Kitale misimu mitatu ya mahindi. Maji yakaanza kuiacha ile alama, kwanza upana wa kidole, kisha kiganja kizima. Kila Jumapili Baba aliniwekea simu sikioni na kuninong'oneza, "Sema yako palepale."

Nikasema.

"Asante, mama," Kukhu alijibu kila mara, na kwa sauti nilijua anatabasamu.

Aliporudi hakuingia hata nyumbani. Aliteremka moja kwa moja mpaka kwenye chemchemi, akachota udongo wa ukingoni, akaufinya ngumini vile alivyopima kila shamba kabla ya kupanda. Ukamwagika kama unga.

"Nani alikuwa ananiambia maji yako palepale?"

Nilimwangalia Baba. Nilikuwa na hakika atasema ni yeye aliyeniambia.

"Watoto nao, Mama," Baba akasema. "Ati kusoma kijiti tu kumemshinda."

Kukhu hakunigombeza. Aliniangalia, akapanda kurudi juu polepole, na mpaka alipokufa hakuniuliza tena habari ya maji.

Mtoto wangu analia akinyonya, mimi nakunywa uji mpaka tumbo linauma, naogopa. Nesi amempima, anasema anaongezeka vizuri, niache wasiwasi. Namwamini, halafu nikifika nyumbani simwamini. Lakini hata maziwa yakijaa, kuna kitu hakitanitoka moyoni. Kukhu hangeamini daftari la Baba, wala neno lake. Langu angeliamini, na Baba alijua hivyo kabla hajanunua mche wa kwanza.