Kiwanja cha Buluu cha Nedra Holyoak

Nedra Holyoak aliendesha basi la shule asubuhi na kufuga ng'ombe siku nzima iliyobaki, huku kwetu kusini mwa Utah. Tangu utotoni alikuwa muulizaji. Jikoni kwao palibandikwa ramani: ardhi ya serikali kuu ya Washington ilipakwa njano, nayo ilijaza karibu karatasi nzima, ndani yake vilitawanyika viwanja vya mraba vya buluu, mali ya jimbo.

"Hivyo vya buluu ni vya watoto wa shule," baba yake alimwambia. "Jimbo linavikodisha, pesa zinaenda shuleni."

"Mbona mimi niko shule na sijapewa?"

Alipokua alikodi kimoja cha buluu, chenye chemchemi ya pekee ambako ng'ombe wake walinywa maji kiangazi. Basi habari zilipokuja kwamba jimbo linataka kubadilishana na Washington, likitoa viwanja vyote vya buluu vya huku kwetu makorongoni ili lipewe eneo moja kubwa kaskazini lenye gesi, tulijua Nedra hatalala vizuri.

Mkutano ulifanyika ukumbi wa kanisa. Jirani yetu Delmar Whitlock, ambaye akisikia Washington mishipa ya shingo humsimama, alisema ni wizi. Nedra alisubiri amalize, akamgeukia dada wa ofisi ya ardhi ya jimbo, Camille Burr.

"Dada, huko kaskazini leo anachunga nani?"

Camille alipekua karatasi zake. "Wapo wafugaji wawili watatu."

"Wameulizwa?"

"Watapata nafasi ya kutoa maoni."

"Sikuuliza hilo," Nedra alisema kwa upole.

Jumamosi alijaza mafuta gari lake, akamchukua Delmar, wakaenda. Delmar alinisimulia kwamba njia nzima alilalamika, na Nedra akamwitikia kwa kumpa sandwichi. Walimkuta mzee Orval Tidwell akirekebisha uzio. Nedra alijitambulisha na kumweleza kilichowaleta.

Orval aliweka koleo chini. "Kumbe nyinyi ndio mnaonitafutia mwenye ardhi mpya."

"Siyo sisi, ni jimbo," Delmar alisema. "Wewe si utafurahi? Utaachana na Washington."

"Washington ni wasumbufu, nakubali. Wananihesabia hadi ndama. Lakini hawauzi malisho chini ya miguu yangu. Jimbo lina sheria yake, ndugu yangu: ardhi ya shule lazima ilete faida. Akija wa gesi na hela nyingi kuliko zangu, mimi nasogea."

Delmar aliinama akamshikia nguzo ya uzio.

"Kwa hiyo mimi nitakuwa na yule anayekusumbua wewe," Nedra alisema, "na wewe utakuwa na wangu."

"Tubadilishane na nyumba kabisa," Orval alisema, akawakaribisha supu.

Nedra alirudi na ombi moja. Aliandika barua yeye, Orval naye akatia sahihi, wakiomba mikataba ya malisho iheshimiwe pande zote mbili hadi imalizike. Camille aliwapigania, na ombi likakubaliwa. Ubadilishanaji ukapita. Kwenye ramani chemchemi ikawa ya njano, na ng'ombe wa Nedra hawakugundua.

Kwa Orval haikuwa hivyo. Mkataba wake ulipokwisha, visima vya gesi vilichimbwa, barabara ya malori ikapita katikati ya malisho. Jimbo halikuvunja ahadi yoyote. Hilo ndilo lililomuudhi, kwamba hakuwa na wa kumlaumu. Aliuza ng'ombe, akahamia kwa binti yake. Shule yetu ilipata mwalimu wa muziki kwa sehemu ya mapato hayo. Nedra alipowasikia watoto wakiimba ndani ya basi, alishindwa kujua afurahi kiasi gani.

Alimpigia Orval simu akamwambia ukweli huo.

"Wanaimba vizuri?" Orval aliuliza.

"Hapana, Ndugu Orval. Bado."

Mwezi Mei Orval alishuka mwenyewe hadi kwetu kusini, kwa sababu alitaka kujua malisho yake yalibadilishwa na nini. Nedra alimzungusha kutwa nzima katika makorongo ya mawe mekundu. Mzee alitazama, akauliza mvua hunyesha lini, majani haya ng'ombe wanayala kweli.

"Pazuri," alisema mwishowe. "Ila mimi nisingekubali kubadilishana."

"Mimi pia nisingekubali," Nedra alimjibu, wakateremka taratibu kwenda kula.