Wimbo wa Ubao wa Tatu

Kazini walimwita Redio, nyumbani aliitwa Baba Pacha, na kote huko alikuwa mtu yule yule: mdomo haufungiki. Kazi yake ilikuwa kufunga na kufungua majukwaa, zile mbao zilizolazwa juu ya mirunda ambazo mafundi husimama wakipiga plasta. Miaka kumi na tisa hakuwahi kutoa ubao bila kuuimbia. Akitoa wa pili wa dirishani, ataimba kwamba wa pili wa dirishani ametoka, kana kwamba ubao ni mtu, kwa sauti ya beberu mwenye mafua, na jengo zima litacheka. Lakini hao wanaocheka walijua pa kukanyaga.

Kaka wa mkewe alikuwa fundi plasta kwenye jengo hilo hilo, nao wakaitana Shemeji. Huyo ndiye aliyemtania kuliko wote. Alidai dada yake siku ya kuposwa alikuwa na ugonjwa wa masikio.

Basi wiki moja mwenye jengo akataka ghorofa ya pili iishe Ijumaa. Akambana msimamizi, na msimamizi akawashukia mafundi: atakayesikika akipiga soga akapigie kwake. Redio akaumeza wimbo. Kila mtu akainamia lake, kimya kama watu walionuniana, hata chai wakainywa wima. Nyumbani Redio alikula, akasali na wanawe, akalala. Mkewe alimtazama tu, akamweka kwenye maombi.

Jumatano asubuhi Redio alihitaji ubao wa kuongezea jukwaa la juu. Akautoa wa tatu kutoka kona wa jukwaa la katikati, mbio mbio, akapanda nao. Hakuimba. Aliposhuka kunywa chai, simu ikaita. Ni mkewe.

"Baba Pacha, watoto wananiuliza baba ana nini. Tangu Jumapili hujaimba hata bafuni. Haya, niimbie mimi basi, hata huo wa mbao zako."

Redio akacheka, mara ya kwanza wiki nzima. Akafungua mdomo aimbe, na ubao uliomjia ni ule alioutoa muda mfupi uliopita. Kicheko kikamkauka. Akainua macho. Shemeji hakuwa ameshuka kunywa chai. Alikuwa peke yake kwenye jukwaa hilo la katikati, uso ukutani, akisogea upande upande na mwiko wake kuelekea kona. Zilibaki hatua mbili afike kwenye pengo.

Akimpigia ukelele, atashtuka. Redio akashusha pumzi, akamwomba Mungu kimoyomoyo, akaimba taratibu kwa sauti yake ile ile ya beberu: wa tatu wa kona ametoka, shemeji yangu, wa tatu wa kona hayupo.

Mguu wa Shemeji ulikuwa umeshainuka. Ukakaa hewani, kisha ukarudi ulikotoka. Akachungulia pengo, akachungulia chini kabisa.

"Shemeji," akasema, "sauti yako ni mbaya sana. Hebu rudia."

Redio alienda mwenyewe kwa msimamizi, akaeleza kuwa alitoa ubao bila kusema, kwa kuogopa kuonekana anapiga soga. Msimamizi akakaa juu ya mfuko wa saruji. "Nimewafunga midomo mimi," akasema, "na wangu nimeufunga vilevile mbele ya mwenye jengo." Akampigia mwenye jengo, akamwambia Ijumaa haiwezekani, labda Jumanne. Mwenye jengo akanung'unika, lakini akakubali.

Muda wote huo Mama Pacha alikuwa bado kwenye simu. Alikuwa amesikia yote, amelia, amemshukuru Mungu, na sasa alitaka ubeti wa pili.

Alhamisi asubuhi hakupanda mtu mpaka Redio alipoziimba mbao zote, moja baada ya moja, na mafundi wakamwitikia. Msimamizi naye akaitikia. Ikaonekana kwamba sauti yake ni mbaya kumshinda hata Redio, na Shemeji alifurahi siku nzima, kwa kuwa sasa alikuwa na watu wawili wa kutania.