Kichwa Kilichouma Nikikaa Tu

Nikisikia harufu ya chai ya rangi iliyokolea, naikumbuka dari ya wodi ya watoto kule Mpanda mjini, maana niliiangalia siku nne. Nilikuwa darasa la nne, nimepasuliwa ngiri kwa sindano ya ganzi ya mgongoni. Kidonda hakikunisumbua sana. Shida ilianza kesho yake nilipokaa ninywe uji: kichwa kiliuma mpaka nikaona masista wawili, na sista alikuwa mmoja. Nikalala, kikaacha. Nikakaa, kikarudi.

Sasa mweleze mama yangu ugonjwa wa namna hiyo. Kwetu Kasansa nilishajulikana. Niliwahi kubana kiazi cha moto kwapani nionekane nina homa, nisiende kuchunga, na kiazi kikadondoka mbele ya wageni. Kwa hiyo mama alicheka tu, akaendelea kufunga mizigo. Tulisharuhusiwa, na gari la kwetu lilikuwa linaondoka mchana. Njia yote mashimo, na yote ni ya kukaa. Nikamwambia sitafika, na hata uji nitaunywa nimelala.

"Anayetafuna amelala ni ng'ombe," akasema. "Amka."

Nikaamka, nikatapikia khanga yake. Haikuwa mbinu, ingawa ningeijua ningeitumia mapema. Sista akamwita daktari. Akanikalisha, akanilaza, akanipima homa, akanikunja shingo, kisha akamgeukia mama.

"Mama, huyu hadanganyi. Sindano imeacha tundu dogo mgongoni, na maji yanayozunguka ubongo yanavuja. Leo haendi popote. Alale, anywe sana, tumpe dawa ya maumivu. Mara nyingi tundu linaziba lenyewe."

Lisipoziba, akaongeza, watachukua damu yangu kidogo, waidunge mgongoni ilizibe tundu. Hapo nikaanza kupona kwa bidii.

Mama hakuniomba radhi, alifungua mizigo. Akaninywesha chai kwa kijiko nikiwa nimelala, kama ndama aliyekataa ziwa. Siku ya nne nilikaa, nikasubiri. Kichwa kimya.

Leo niko kidato cha tatu, na utani sijaacha. Ila zamani nilimdanganya mama kwa raha kwa sababu hakuniamini. Juzi, asubuhi ya mtihani wa hesabu, nilimwambia kichwa kinauma, na kilikuwa kimya. Hakuuliza kitu. Alitandika mkeka, akabandika chai, akatafuta kijiko. Nikakiangalia kile kijiko, nikavaa sare, nikaenda kufeli.